Upande wa Pili wa Mlango

Jumanne, Dolgellau, manyunyu yasiyojua kuacha.
Mkobani mwangu wa posta mna vifurushi saba
vya ukubwa uleule, uzito uleule,
na sikuhitaji kusoma jina la mtumaji:
*Kengele ya Chumvi* imetoka kwenye diski.
Cha nane kilikuwa changu. Nilijipelekea mwenyewe,
nikajipigia hodi, nikajishukuru.

Jioni tukakutana kwa Nesta,
nyuma ya duka lake la kufulia,
televisheni imekaa juu ya mashine iliyokufa,
hewa yote sabuni ya unga.
Gethin alikuja na daftari la hesabu.
Eleri alivaa kofia ya Walinzi wa Kaskazini,
kaishona mwenyewe; inamfanya aonekane
kondoo aliyepandishwa cheo.
Mzee Ifor amenunua nakala tatu.
Mashine ya kuzichezesha hana.
"Hizi ni kura," alisema. "Napiga kura."

Maana sinemani ilianguka kifudifudi.
Wiki mbili, wakaiondoa,
wakaweka katuni ya sungura wapelelezi.
Wakubwa wa studio kimya, maji mtungini.
Nasi tukaachwa na picha ile ya mwisho:
Orvane, mkono juu ya komeo,
bahari imesimama wima mgongoni pake,
halafu giza, halafu majina ya watu.
Walituambia paukwa, tukaitika pakawa,
kisha msimulizi akavaa koti akaondoka.

"Laki nne," Gethin alisema, "zikiuzwa kabla ya Pasaka,
watafikiria sehemu ya pili."
Laki nne kazitoa wapi?
Kwa binamu yake, anayemjua fundi taa wa Cardiff.
"Basi ni za kuaminika," Eleri akasema,
"kama utabiri wa mvua."
"Na yule mtoto anakua,"
Nesta alisema, kichwa kwenye nguo alizokunja.
Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria.
Walimpiga picha ana miaka kumi na mmoja.
Sasa anaikaribia kumi na minne.
Chumvi haiozi, kengele haizeeki,
lakini shingo ya mtoto haingoji kikao cha wahasibu.

Tuliitazama yote, midomo yetu
ikitangulia midomo yao.
Mlango. Komeo. Giza.
Ndipo Ifor, asiyeijua rimoti, akabonyeza asichokijua,
zikafunguka nyongeza: jinsi filamu ilivyotengenezwa.
Kamera ikaipita bahari, kumbe pazia la kijani,
ikaupita ukingo wa mlango,
ikatuonyesha ng'ambo.

Plaiwudi. Magunia ya mchanga.
Seremala mnene juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
anakula mkate wa jibini.
Akainua macho. Akatupungia.

Mashine namba tano ilizungusha mashuka ya hoteli.
Yenyewe tu ndiyo iliyokuwa na la kusema.
Gethin alifunga daftari. Eleri alivua kofia.
Mimi nilikuwa nimepanda vilima hivi miaka miwili na nusu
na barua za watu begani,
nikiujaza ule upande wa pili:
mji, taa, mama yake Orvane yu hai, anamenya kitu.

"Rudisha," Nesta alisema. "Hapo. Simamisha."
Seremala, mkate mkononi, shavu limejaa.
Akamkagua kama anavyokagua doa.
"Huyu alikuwa humo ndani muda wote.
Sehemu ya pili ianze naye."

Saa tano usiku tulikuwa tungali tunabishana:
ni mfalme aliyefukuzwa, ni bawabu,
ni yeye aliyeitia kengele ufa.
Gethin kafungua ukurasa mtupu.

Leo alfajiri, mkobani mwangu, nakala moja ya Ifor
inarudi ilikotoka, kwa wakubwa wa studio.
Nyuma ya bahasha kaandika kwa kalamu ya risasi:
*Sehemu ya pili mnayo. Mmeikalisha juu ya ndoo.*
Stempu zilipungua.
Nimeongeza zangu.